Moto Uliofukiwa Majivuni

(Mazungumzo niliyoyatoa Moshi mjini, jioni moja ya mwishoni mwa Desemba, mbele ya wananchi na wanafunzi. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu. Pale nilipochepuka, nimeacha hivyo hivyo.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Na ninyi mlioshuka juzi na mabasi ya Dar, karibuni nyumbani; najua baadhi yenu mmeburutwa hapa na wadogo zenu, na akili iko kwa mbuzi anayechomwa.

Nilikuja na picha ishirini na mbili kwenye kompyuta. Projekta, kama mnavyoona, imegoma. Nimehangaika nayo tangu saa kumi. Basi picha tuziache. Nimewaomba mama wanaopika huko nyuma waniazime jiko moja la mkaa. Wamenipa kwa sharti kwamba lirudi kabla ya saa moja na nusu, kwa hiyo mkiona naharakisha mjue sababu.

Kuna jambo nataka kuliweka sawa. Mwenyekiti amenitambulisha kama mnajimu. Neno si baya, lakini nikishaitwa mnajimu katika mji huu, kesho mtu ananiletea kiganja nimsomee bahati yake. Mimi ni mwalimu wa fizikia niliyestaafu, na habari za nyota nazisoma kwa mapenzi tu. Bahati ya mtu siijui. Leo nitazungumzia aina moja ya galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, zile zilizokuwa zikizaa nyota kwa kasi ya kutisha ulimwengu ulipokuwa bado mchanga: ndogo kwa umbo, nzito kwa mizani, na zimejaa vumbi kiasi kwamba tulikaa miaka mingi bila kujua kama zipo.

Hilo vumbi lenyewe. Sisi vumbi tunalijua: la barabara ya Mererani mwezi Septemba, linaloingia mpaka kwenye meno. Hilo si lenyewe. Punje za vumbi la galaksi nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ni kaboni, ni madini ya jamii ya mchanga, yaliyopoa na kuganda kutoka kwenye gesi iliyotapikwa na nyota zinazokufa. Kitu chenye punje ndogo hivyo, kinachopanda kutoka kwenye kilichoungua, sisi tunakiita moshi. Tungepewa sisi kazi ya kuzibatiza galaksi hizi tungeziita galaksi za moshi, na mji huu ungedai haki yake.

Sasa jiko. Wewe kijana wa mstari wa mbele mwenye sweta la bluu, njoo hapa. Tazama: makaa yamekolea, mekundu. Nachukua mwiko huu, nayafukia kwa majivu, pole pole, mpaka yasionekane kabisa. Unaona nini?

“Majivu.”

Moto je?

“Hauonekani.”

Haya, weka kiganja juu yake, usiguse, kiasi cha shibiri moja. Unasikia nini?

“Joto, Mwalimu. Linaunguza!”

Kaa hapo hapo pembeni, nitakuhitaji tena.

Bibi yangu kule Kibosho alifanya hivi kila usiku. Kiberiti kilikuwa cha kununua, moto ulikuwa wa kufukia. Mgeni akiingia gizani angeapa kwamba jiko limezimika, mpaka asogeze mkono. Mwanga wa makaa umezuiwa na majivu, lakini nishati yake haikupotea. Majivu yamepata moto, na yenyewe sasa yanatoa mwanga wa aina nyingine, infraredi, ambao jicho haliuoni na ngozi ya kijana huyu imeutambua papo hapo. Galaksi zetu ziko hivyo. Nyota kubwa changa hutoa mionzi mikali ya urujuanimno. Ule moshi unaimeza karibu yote, unapata joto kidogo, halafu unaitoa upya kama infraredi. Ukitazama kwa jicho ni giza, ukipeleka kiganja ni tanuri.

Niwe mkweli, jiko linanisaidia kusema uongo mdogo. Vumbi lile ninalosema “limepata joto” lina baridi ya nyuzi kama 235 chini ya sifuri. Ni moto ukililinganisha na anga tupu, basi. Na bibi alifukia makaa ili yasiishe upesi, wakati galaksi hizi, ingawa zimefukiwa, zinaungua bila breki yoyote. Tutafika huko.

Nirudi nyuma kidogo. Desemba 1995, siku kama hizi, darubini ya anga ya Hubble ilielekezwa kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu, katika eneo la nyota za Dubu Mkubwa, ikaachwa ikitazama hapo siku kumi. Kipande chenyewe ni kama punje ya mchanga uliyoishika huku umenyoosha mkono. Mkitaka kujua kiko wapi, mwezi Mei, saa tatu usiku hivi, simameni hapa mjini mtazame mlima. Mawingu ya masika yakiwaruhusu, kipande hicho kiko kaskazini, juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Hubble ilitoa humo galaksi kama 3,000. Picha ile niliipata, nikaibandika ukutani darasani, na kwa miaka kadhaa niliwaambia wanafunzi: tazameni, hapa hakuna kilichofichika. Niliwadanganya. Wawili watatu nawaona wamekaa humu, wana ndevu sasa; mnisamehe.

Kwa sababu mwaka 1998 David Hughes na wenzake walitangaza kwamba wametazama kipande kile kile kwa kiganja badala ya jicho. Walitumia darubini ya James Clerk Maxwell, sahani ya mita 15 iliyoko juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii, ikiwa na kamera iliyoitwa SCUBA. Kamera hiyo ilipokea mawimbi yenye urefu wa chini kidogo ya milimita moja. Infraredi iliyotoka kwenye vumbi ikisafiri mabilioni ya miaka katika ulimwengu unaotanuka, nayo hunyooshwa, na hufika kwetu ikiwa na urefu huo. Waliona madoa matano. Doa lililong'aa kuliko yote wakaliita HDF850.1. Walipolitafuta kwenye picha ya Hubble, ile ya ukutani kwangu, pale lilipopaswa kuwa hapakuwa na kitu.

Fikirini hilo. Kitu kinachong'aa kuliko vyote, mahali palipotazamwa kwa makini kuliko popote angani, hakimo kwenye picha. Wataalamu walibishana kama ni cha galaksi hii iliyo jirani au ile. Ilichukua miaka 14. Mwaka 2012 Fabian Walter na kundi lake, kwa antena zilizoko kwenye milima ya Alps, Ufaransa, walinasa alama za gesi ya kaboni monoksidi na za kaboni yenyewe, na kutokana na jinsi alama hizo zilivyonyooshwa wakapata umbali. Mwanga wake umesafiri miaka kama bilioni 12.5. Tunaiona galaksi hiyo wakati ulimwengu wote, wenye umri wa miaka bilioni 13.8 leo, ulikuwa na bilioni 1.1 tu. Na ilikuwa ikizaa nyota zenye uzito wa Majua 850 kila mwaka.

Njia Nyeupe, galaksi yetu, huzaa Jua moja au mawili kwa mwaka. Mia nane na hamsini.

Msidhani hiki kilikuwa kituko kimoja. Katika miaka hiyo hiyo ya tisini, vipimo vya satelaiti ya COBE vilionyesha kwamba anga lote lina mng'ao hafifu wa infraredi, na ukiupigia hesabu unakuta karibu nusu ya mwanga wote ambao galaksi zimewahi kuutoa ulimezwa na vumbi na kutolewa upya. Nusu nzima! Tulikuwa tunaandika historia ya ulimwengu kwa kuwahoji waliokaa barazani peke yao, na nusu ya familia ilikuwa jikoni.

Kuna ajabu moja hapa ambayo wanafunzi wa kidato cha sita wataipenda. Kwa kawaida kitu kikienda mbali hufifia. Galaksi hizi, zikitazamwa kwa mawimbi yale ya karibu na milimita, hazififii hivyo. Ukizisogeza kutoka mbali hadi mbali zaidi, mwanga wao unanyooshwa zaidi, na sehemu yenye nguvu zaidi ya mng'ao wa vumbi inasogea kuelekea kwenye masafa tunayoyapokea. Ni kama mtu anayekuaga njiani: anazidi kwenda, na kila hatua anapandisha sauti, unamsikia vile vile. Ndiyo maana kamera ya mwaka 1998, ambayo leo ingechekwa, iliweza kuona mbali namna ile.

Shida ilikuwa ukungu. Sahani moja ya mita 15 inakuonyesha doa, haikuonyeshi umbo. Ndipo ikajengwa ALMA, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2013 kwenye jangwa la Atacama, Chile: antena 66 zinazofanya kazi kama jicho moja, na zinaweza kutawanywa mpaka kilomita 16. Ziko kwenye uwanda wa Chajnantor, mita 5,000 juu ya bahari. Humu ndani najua kuna wapagazi na waongoza watalii, kwa hiyo niseme kwa lugha yenu: umepita Kibo Hut, uko kwenye kona za kuelekea Gilman's, usiku, na kichwa kinagonga. Hapo ndipo wamejenga ofisi. Wafanyakazi wanaopanda huko hutumia oksijeni ya mitungi, na waongozaji wa antena hukaa chini, kwenye mita 2,900. Sababu ya kujitesa hivyo ni mvuke wa maji: hewa yenye unyevu hunywa mawimbi hayo kabla hayajafika chini. Mlima wetu una urefu wa kutosha na ziada, ila mawingu yake mmeyaona leo asubuhi.

ALMA ilipozitazama galaksi hizi kwa utulivu, jambo lililowashtua watu ni udogo. Kasi ya kuzaa nyota ni mamia ya Majua kwa mwaka, wakati mwingine zaidi ya elfu, mtu angetegemea tanuri pana. Badala yake, nusu ya mng'ao wa vumbi hutoka kwenye eneo la katikati lenye nusu kipenyo cha miaka ya nuru kama 3,000 hadi 6,000; mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Njia Nyeupe ina upana wa miaka ya nuru 100,000, na Jua letu liko kama 26,000 kutoka katikati. Maana yake ni kwamba ukizichukua nyumba zote za Moshi, Hai, Rombo na Siha, ukazipanga ndani ya uzio wa soko la Mbuyuni, na kila nyumba inapika kwa wakati mmoja, umeanza kuipata picha. Na bado moshi hautoki nje.

Gesi inafikaje kubanwa hivyo? Hapa wenye fani wana majibu mawili, na mimi nadhani yote mawili yana watu wao. Wa kwanza wanasema ni kugongana. Galaksi mbili zenye gesi nyingi zinapokaribiana, kila moja inaivuruga mwenzake, gesi inapoteza mzunguko wake na kuanguka katikati. Mfano wake tunao: SPT0311-58, iliyogunduliwa kwa darubini ya Ncha ya Kusini na kuchambuliwa na ALMA, ni galaksi mbili zinazoelekea kuungana, miaka milioni 780 tu baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, na ile kubwa inazaa nyota kwa kasi ya Majua elfu mbili na mia kadhaa kwa mwaka. Wa pili wanasema kugongana si lazima. Mito ya gesi baridi inatiririka ndani kutoka nje kama mifongo inavyoshusha maji ya mlimani, sahani ya galaksi inazidiwa na uzito wake yenyewe, inameguka mabonge, na mabonge yanazama katikati.

Mtu mwenye akili ataniuliza hapo: vumbi lenyewe limetoka wapi mapema hivyo? Swali halali. Nyota za uzito kama wa Jua humwaga vumbi zikizeeka, na uzee wao huchukua mabilioni ya miaka, ulimwengu ulikuwa haujafika huko. Nyota kubwa ndizo hufa upesi, kwa mlipuko wa supernova. Februari 1987 supernova moja ilionekana kwa macho matupu kwenye anga la kusini, katika galaksi ndogo jirani yetu, wengine wa rika langu wanakumbuka redio zilivyosema. Darubini ya anga ya Herschel na ALMA zilipoipima baadaye zilikuta mabaki yake yamepika vumbi la uzito wa karibu nusu ya Jua. Mlipuko mmoja, nusu Jua la moshi. Tanuri linalochoma nyota kubwa kwa maelfu halikosi masizi.

Sasa hesabu, ya darasa la saba. Galaksi kubwa ya aina hii inaweza kuwa na gesi ya uzito wa Majua bilioni 100. Inatumia 1,000 kwa mwaka. Itadumu muda gani? Wewe mama, umesema? Ndiyo, miaka milioni 100. Mtaona ni mingi. Wale dinosaria waliochimbuliwa Tendaguru, Lindi, ambao mifupa yao iko Berlin, waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Galaksi ambayo ingewaka siku wanapita wao, leo ingekuwa imeshazima zamani. Kwa galaksi hiyo ni jioni moja.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe: inakuwa nini ikizima?

Hakuna aliyewahi kuitazama galaksi moja ikizaliwa mpaka ikazima, wala hakuna atakayetazama. Tunafanya kama mtu aliyeingia shamba la kahawa mara moja tu maishani, katikati ya msimu. Anakuta matunda mabichi mengi, mekundu machache, na mengine yameanguka chini, meusi. Hajawahi kuona tunda likiiva, lakini akihesabu vizuri anaweza kusema lipi linafuata lipi, na kwamba hatua ya wekundu ni fupi, ndiyo maana mekundu ni machache.

Kabla ya ALMA tayari walikuwa wameshayaona matunda yaliyoanguka. Mwaka 2008 Pieter van Dokkum na wenzake walieleza habari za galaksi za miaka kama bilioni tatu baada ya Mlipuko Mkuu, zenye uzito wa Majua bilioni mia na zaidi, zilizokwisha kuacha kuzaa nyota, na nusu ya mwanga wao iko ndani ya nusu kipenyo cha miaka ya nuru kama 3,000. Zikapewa jina la utani, vipande vyekundu, kama unavyosema kipande cha dhahabu. Nyekundu, kwa sababu nyota za bluu hufa mapema na zinazobaki ni zile za rangi ya makaa. Mwaka uliofuata wakapima kasi ya nyota ndani ya moja ya galaksi hizo wakapata kama kilomita 500 kwa sekunde. Mliokuja na basi juzi mlikaa humo kutwa nzima. Nyota hizo zingewafikisha kutoka Ubungo mkiwa hamjafunga mkanda. Ni uzito mkubwa uliobanwa ndio unaolazimisha mwendo huo.

Kwa muda watu hawakujua kitu kizito na kidogo hivyo kilitengenezwaje. Mwaka 2014 Sune Toft na kundi lake waliziweka pembeni kwa pembeni zile galaksi za moshi za mwanzoni na hivi vipande vyekundu vya baadaye. Uzito ukalingana. Ukubwa ukalingana. Umri wa nyota za vipande vyekundu ukarudisha kuzaliwa kwao kwenye enzi zile zile za moshi. Kisha wakahesabu idadi, kama yule wa kahawa: zilizokuwa zikiwaka ni chache mno kuliko zilizozima, na idadi hizo zinapatana ikiwa kila moja huwaka kwa miaka kama milioni 40. Linganisheni na milioni 100 za mama. Njia mbili tofauti kabisa, na majibu yanakaa meza moja.

Kijana, rudi. Yapulize haya majivu. Puliza kwa nguvu. Aah, sio upande wangu! Haya, suti imeshapata. Mmeona makaa yalivyotokeza? Katikati ya galaksi hizi kuna shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauchomoki, nalo linakula katika karamu ile ile. Gesi inayoanguka ndani yake hupata joto kali, hutoa mionzi na upepo, na upepo huo unaweza kusukuma nje gesi na moshi. Wakati Guillermo Barro na wenzake walipozichunguza galaksi ndogo zinazozaa nyota, mwaka 2013, walikuta karibu theluthi yake zina mionzi ya eksirei itokayo kwenye mashimo meusi yenye njaa. Kwa kitambo moto unaonekana wazi, halafu gesi imekwisha au imefukuzwa, na nyota mpya hakuna.

Kisha ikaja darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021. Mwaka 2023 Adam Carnall na wenzake walieleza kwa vipimo vyake habari za galaksi iitwayo GS-9209. Tunaiona miaka bilioni 1.25 baada ya Mlipuko Mkuu. Imeshazima, na ilizima miaka mia kadhaa ya milioni kabla ya hapo. Ina nyota za uzito wa Majua kama bilioni 40, nusu ya mwanga wake iko ndani ya nusu kipenyo cha miaka ya nuru 700 tu, na katikati kuna shimo jeusi kubwa kupita kiasi kwa galaksi ya uzito huo. Niliposoma habari hiyo nilinyamaza kidogo. Ulimwengu haujatimiza hata sehemu moja ya kumi ya umri wake wa leo, na tayari una marehemu wake.

Lakini tukitazama jirani yetu leo, vitu vidogo na vizito namna hiyo karibu havipo. Vimekwenda wapi? Mchagga hahitaji kufundishwa jibu la swali hili. Kihamba. Babu alijenga katikati, nyumba imebanana na migomba. Wakaja wana wakajenga pembeni, wajukuu pembeni zaidi, mara mtu kanunua kipande cha jirani. Leo ukiona boma zima unasema ni kubwa, lakini nyumba ya babu bado iko pale pale katikati na haijaongezeka hata chumba. Tangu enzi za vipande vyekundu, galaksi hizi zimeongezeka uzito kama mara mbili tu, ila upana mara nne hivi, kwa sababu kilichoongezwa ni galaksi ndogo zilizomezwa, na nyota zao zilibaki nje kwenye mipaka. Zile galaksi kubwa za duaradufu tunazoziona leo katikati ya makundi ya galaksi, nyekundu na tulivu, zina nyumba ya babu ndani.

Na kuna boma moja halikupata warithi. NGC 1277, katika kundi la galaksi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 240. Ni ndogo, nzito, nyota zake karibu zote zina zaidi ya miaka bilioni 10, na haina dalili ya maana ya kumeza jirani yeyote. Imekaa hivyo hivyo tangu moto ulipozima.

Sitaki muondoke mkidhani kila kitu kimepangwa vizuri kama nilivyosimulia. Kisa kikinyooka sana huwa nakishuku, hata nikiwa ndiye msimuliaji. Webb, kwa kuwa inaona infraredi kwa ukali, imechungulia ndani ya moshi na kukuta kwamba nyingi ya galaksi hizi zina sahani pana za nyota kuzunguka tanuri la katikati, tena baadhi zina mikono kama ya Njia Nyeupe. Hubble iliziona kama matambara yaliyochanika kwa sababu moshi ulifunika kitovu. Kwa hiyo “ndogo” ni tanuri, si lazima galaksi nzima. Wengine wanasema hilo linavunja mnyororo niliowaeleza. Mimi naona linauongezea kiungo: tanuri linajenga kitovu, sahani inafifia nyota zake kubwa zikifa, na anayetazama kutoka mbali anabaki na kitovu. Ila hilo ni langu, na vijana wa vyuo wanaruhusiwa kuniambia nimekosea.

Naona mkono pale. Simama, binti, sema kwa sauti.

“Mwalimu, na sisi tulikuwa hivyo? Njia Nyeupe iliwahi kuwa tanuri?”

Hapana, binti yangu. Sisi ni wa moto mdogo. Njia Nyeupe ilikua taratibu, gesi ikiingia kidogo kidogo na kutumika kidogo kidogo, ndiyo maana mpaka leo ina gesi na bado inapika. Ukitoka nje sasa hivi, kama pamefunguka, tazama mashariki: nyota tatu zilizopangana mstari, na pembeni yake kuna waa lenye ukungu. Hapo nyota zinazaliwa leo, na moshi upo vile vile, nyota nyingi changa bado zimefukiwa humo. Jiko dogo tu la jirani. Lile la HDF850.1 lingeyatosha mamia ya galaksi kama yetu.

Saa moja na dakika ishirini na tano. Mama mmoja amesimama mlangoni na sufuria ya ndizi, hasemi kitu, ananitazama tu. Kijana, shika jiko upande huo, nami nishike huku. Angalia, bado la moto.